Nilienda Kuona Volkano Oregon, Nikakuta Viatu vya Zamani Kuliko Kilima

Ni wiki ya tatu sasa tangu nirudi na mpaka leo nikigonga raba zangu kwenye ngazi za mlangoni zinadondosha vumbi jekundu, vumbi la kilima kinaitwa Lava Butte, na kila likidondoka namsikia binti wa kaka yangu akiuliza swali lake lile lile, "shangazi, na hapa watu walikuwepo?" Ana miaka kumi na moja. Swali hilo alituuliza kila tuliposimama, siku nne mfululizo, na leo naandika kuhusu safari yote hiyo kwa sababu bila lile swali ningerudi na picha nzuri tu.

Tulikuwa Oregon, Marekani, ule upande wa kati wanaouita jangwa la juu. Kaka anaishi Portland, na kutoka kwake mpaka mji wa Bend ni masaa matatu na kitu kwa gari. Nusu ya kwanza ya safari huwezi kuamini unaelekea jangwani, ni msitu mzito, miti imevaa kuvu na ukungu unashuka mpaka barabarani, wiper zinafanya kazi. Halafu mnavuka mlima. Haipiti hata saa moja miti inaanza kupungua, ardhi inakuwa ya kahawia, harufu inabadilika kabisa, mnafungua dirisha na hewa inaingia kavu kama umefungua oveni, ila ni hewa safi ajabu. Kaka akatuelezea vizuri tu huku anaendesha: mawingu yanatoka bahari ya Pasifiki yamejaa maji, yakifika milima ya Cascades yanalazimika kupanda, yakipanda yanapoa, yakipoa yanamwaga mvua yote upande wa magharibi, yanayobahatika kuvuka yanafika huku yamekauka. Bend inapata kama milimita 300 tu za mvua na theluji kwa mwaka mzima. Na mji wenyewe uko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mchana jua linakuchoma kweli na usiku huo huo unatafuta sweta. Kama unakwenda, beba vyote viwili, usidanganywe na mwezi wa saba.

Mimea yake ni vichaka vya rangi ya majivu vinavyofika kiunoni, wanaviita sejibrashi, ukivisugua kiganjani vinatoa harufu kali kama dawa ya kienyeji, halafu kuna miti jamii ya mtarakwa iliyojipinda pinda, na kwenye sehemu za juu misonobari mirefu yenye maganda ya rangi ya machungwa ambayo ukiweka pua pale kwenye nyufa inanukia vanila. Mtoto alinusa kila mti. Sisi wakubwa tukaanza kunusa pia.

Asubuhi ya kwanza tukaenda Lava Butte, kama kilomita 16 kusini mwa mji. Kwa mbali ni kilima tu cha kawaida, kimechongoka, kirefu kama mita 150, barabara imekizunguka mpaka juu. Lakini ukisimama kileleni unaona kwamba kina shimo katikati, na ukiangalia vizuri unaona ukingo mmoja umenyanyuka kuliko mwingine. Nikadhani umebomoka. Kumbe siku zile kilima kinalipuka, upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini magharibi, na vile vijiwe vya moto vilivyorushwa hewani vikawa vinaangukia zaidi upande wa kaskazini mashariki, vikajirundika. Yaani upepo wa miaka 7,000 iliyopita bado unaonekana! Nilisimama pale kofia yangu inataka kuondoka, upepo unanisukuma mgongoni, naangalia ule ukingo, mwili ukanisisimka.

Upande wa kusini kilima kimepasuka chini, na hapo ndipo ilipotokea lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Ikatiririka ikaenda kaskazini na magharibi, ikafunika zaidi ya kilomita za mraba 20, nyeusi tii, mpaka leo ukiangalia kutoka juu unaona bahari nyeusi imekatwa wembe pale msitu unapoanzia. Lava hiyo ikaingia kwenye mto Deschutes ikauziba, maji yakajaa nyuma yake, mto ukatafuta njia mpya, na maporomoko ya Benham ambayo watu wanapiga nayo picha leo ni pale mto unapohangaika kupita pembeni ya lile jiwe. Tulienda jioni kuyaona. Maji meupe, yanapiga kelele mpaka mnaongea kwa ishara, na ng'ambo ya mto lava imesimama kama ukuta.

Hapo ndipo swali la kwanza. "Na hapa watu walikuwepo?" Kaka akasema hapana mama, hiyo ni miaka elfu saba, zamani sana. Na mimi nikakubaliana naye. Tumezoea hivyo, si ndiyo? Milima ni ya tangu na tangu, binadamu tumekuja juzi.

Siku ya pili pango. Linaitwa Lava River Cave, na hili nitalikalia kidogo maana ndilo lililoniingia sana. Kwanza jua kwamba unahitaji kuweka nafasi mtandaoni mapema, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tano linafungwa kwa sababu popo wanalala humo msimu wa baridi na hawatakiwi kusumbuliwa. Pia mlangoni mhudumu anakuuliza kama nguo au viatu ulivyovaa vimewahi kuingia pango lingine, maana kuna ugonjwa wa fangasi unaowapata popo puani, umeua popo mamilioni Amerika ya Kaskazini, na mbegu zake zinasafiri kwenye viatu vya watu. Raba zangu zilikuwa mpya, nikapita. Kaka ikabidi arudi garini kubadilisha buti zake. Hakuna aliyelalamika, kwa kweli nilifurahi kuona watu wanapanga foleni kwa utulivu kwa ajili ya kamnyama ambako hata hawatakaona.

Ndani ni nyuzi 5 au 6 za Selsiasi mwaka mzima. Nje tulikuwa tunatokwa jasho, hatua ishirini za kwanza nikaanza kuona pumzi yangu inatoka kama moshi. Unashuka ngazi, mwanga unabaki nyuma, halafu pango linafunguka, kuna sehemu dari iko juu kiasi kwamba ukimulika tochi mwanga unafifia kabla haujafika vizuri. Ni bomba moja refu, kama kilomita 1.6, linakwenda tu. Jinsi lilivyojengeka ni hivi: mto wa lava ulikuwa unatiririka, ngozi ya juu ikapoa ikawa jiwe, ile ngozi ikawa kama blanketi, ndani lava ikaendelea kukimbia ikiwa bado moto, mwisho chanzo kikakatika, lava iliyobaki ikaondoka yote, likabaki tundu. Kwenye kuta kuna mistari inayokwenda usawa, ni alama za kina cha lava kilipokuwa kinashuka, kama vile sufuria ya uji inavyobaki na mistari. Na darini kuna vitone vidogo vya jiwe vinaning'inia, vilikuwa vinadondoka vikagandia njiani.

Kuna mahali kimewekwa kibao kinasema barabara kuu namba 97 iko juu ya kichwa chako. Malori yanapita juu huko na wewe husikii kitu. Tukazima taa zote tatu. Sijui nielezeje lile giza, ukiinua mkono usoni huoni hata kivuli, na ukimya wake una uzito, nilisikia damu yangu masikioni. Mtoto akanishika kidole, kidole kimoja tu, akanong'ona, "shangazi, na hapa watu walikuwepo?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaanza kuwa na wasiwasi na jibu letu la jana, maana pale mapokezi nilisoma kwamba mchanga unaozuia mwisho wa pango unatokana na majivu ya mlima Mazama, na jina la Mazama nilikuwa nimeshalisikia mahali.

Mazama ulikuwa mlima mkubwa wa volkano kusini ya hapo. Kama miaka 7,700 iliyopita ulilipuka kwa nguvu ya kutisha, ukatema vilivyokuwa tumboni, ukabaki hauna kitu cha kuushikilia, kilele kikaporomokea ndani. Shimo lililobaki likajaa mvua na theluji na leo ni Crater Lake, ziwa lenye kina cha mita 594, hakuna lenye kina kikubwa kuliko hilo Marekani nzima. Sasa, Waklamath ambao ni wenyeji wa huko wana simulizi ya Llao, mkuu wa dunia ya chini, na Skell, mkuu wa juu, walivyopigana kwa moto na mawe mpaka mlima wa Llao ukaanguka juu yake. Nilipoambiwa simulizi hii usiku ule hotelini na kaka, ambaye ameishi huku miaka mingi, tukaangaliana. Mlima kuanguka ndani yake wenyewe siyo kitu mtu anabuni. Hiyo ni habari ya mtu aliyeona.

Siku ya tatu tukapanda Newberry. Hapa watu wanachanganyikiwa, wanauliza volkano iko wapi, kumbe wako juu yake tangu asubuhi. Haina umbo la mlima uliochongoka, imelala kama ngao, mapana yake ni zaidi ya kilomita za mraba 3,000, hata lile pango na Lava Butte ni watoto wake. Katikati imebomoka kama miaka 75,000 iliyopita ikaacha kaldera, yaani shimo pana la volkano iliyoporomoka, yenye maziwa mawili, Paulina na East Lake, ambayo mwanzo yalikuwa ziwa moja kabla milipuko ya baadaye haijayagawa. Sehemu yake ililindwa rasmi mwaka 1990. Na bado iko hai, kwenye ufukwe wa Paulina watu wanachimba kokoto kwa mikono na maji ya moto yanajaa kwenye vishimo wanakaa humo kama beseni, na wanasayansi wa serikali wameitegea mitambo inayosikiliza kila mtikisiko.

Mle ndani ya kaldera kuna mtiririko wa obsidiani, ile kioo nyeusi ya volkano. Una umri wa miaka kama 1,300 tu, ndio mtiririko wa lava mchanga kuliko yote Oregon. Unapanda ngazi za chuma halafu unatembea katikati ya mawe makubwa kama vyumba, meusi yanang'aa, jua likipiga unafumba macho. Nikachuchumaa nikaangalia jiwe moja kwa karibu: lilikuwa na tabaka, jeusi kama chupa, halafu la kijivu lenye vitundu kama lile jiwe la kusugulia miguu, halafu jeusi tena. Ni kitu kimoja, lava ile ile, tofauti ni mapovu ya gesi tu, yalipobaki ndani likawa jepesi la vitundu, yalipotoka likawa kioo. Nilipitisha kidole kwa upole sana kwenye ukingo wake na hata hivyo ngozi ikaachia mstari mweupe, haikutoka damu. Viatu vya wazi usivae kule, na mbwa muache, atakatika nyayo. Na usichukue hata kipande, hairuhusiwi, kipo kwa ajili ya wote.

Swali likaja, na safari hii jibu lilikuwa ndiyo bila kusita. Watu walikuwepo na walikuja Newberry makusudi kwa ajili ya hiyo kioo, wakachonga visu na ncha za mishale, na kwa kuwa obsidiani ya kila volkano ina mchanganyiko wake wa kemikali, kama alama ya kidole, wataalamu wakiokota ncha ya mshale mbali huko wanaweza kusema hii imetoka Newberry. Kumbe mahali tunapopaita kivutio cha watalii palikuwa karakana. Mtoto alikaa kwenye benchi akaangalia yale mawe muda mrefu, akauliza walikuwa wanavaa nini miguuni.

Smith Rock tuliipitia asubuhi ya siku ya nne, iko upande wa kaskazini, na nasema tuliipitia maana ilitakiwa siku nzima. Kuta za rangi ya asali na kutu zinapanda juu wima, mto Crooked umezunguka miguuni mwake. Hii ni ya volkano nyingine ya kale kabisa, karibu miaka milioni 30, majivu yaliyoshindiliana yakawa jiwe. Wapanda miamba kwa kamba wanatoka dunia nzima kuja hapa, mwaka 1986 Mfaransa Jean-Baptiste Tribout alimaliza njia moja ambayo wakati ule ilikuwa ngumu kuliko zote Marekani. Tuliwaona watu wadogo kama chungu wameng'ang'ania ukutani. Baadhi ya njia hufungwa msimu ambao tai wanalea vifaranga, hilo pia nililipenda. Kingine sina cha kusema, nendeni wenyewe, ila anzeni saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua kali, maegesho yanajaa haraka.

Tuliwahi kuondoka kwa sababu nilimuomba kaka anipeleke Fort Rock. Ni mbali, zaidi ya kilomita 100 kusini mashariki ya Bend, na kutoka Smith Rock ni zaidi, barabara inanyooka mpaka inachosha macho, mashamba ya majani ya ng'ombe, halafu hakuna kitu, halafu ghafla katikati ya uwanda tambarare inasimama ngome. Duara la mwamba wa kahawia, kuta zinakwenda juu mpaka kama mita 100, upande mmoja uko wazi kama geti. Ukifika karibu unaona kwenye kuta kuna mfereji umechimbika usawa, kama mtu amepitisha gurudumu. Ni mawimbi. Hapo palikuwa na ziwa kubwa enzi za barafu, moto ulipanda kutoka chini ukakutana na maji na matope, ukalipuka kwa mvuke, ukatapika majivu yakaanguka kwa duara, na baadaye mawimbi ya ziwa yakala upande wa kusini yakaubomoa. Tulikuwa tumesimama chini ya ziwa, kwenye vumbi, tunaangalia alama za mawimbi juu ya vichwa vyetu.

Karibu na hapo kuna pango dogo. Mwaka 1938 Luther Cressman, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon, alichimba humo akakuta ndala. Siyo moja, makumi. Zimesukwa kwa magome ya sejibrashi, ile ile ya kijivu tuliyokuwa tunaisugua mikononi tangu siku ya kwanza, soli bapa, na kifuniko cha vidole kwa mbele. Zilikuwa zimelala chini ya tabaka la majivu ya Mazama, kwa hiyo alijua ni za kabla ya ule mlipuko, ila watu wengi hawakumuamini, wakati huo wasomi waliona wenyeji wa huku hawawezi kuwa wa zamani namna hiyo. Baadaye kipimo cha kaboni kilipogunduliwa, ndala zikapimwa, zikasoma zaidi ya miaka 9,000.

Sasa rudini na mimi nyuma kidogo. Lava Butte ina miaka 7,000. Ule upepo nilioushangaa juu ya ukingo, ule mto ulioziba, yale maporomoko, yote yametokea wakati watu wameshakaa hapa miaka elfu mbili na zaidi, wanasuka viatu. Mtu alikuwa anaujua mto Deschutes kabla haujahamishwa. Mtu aliijua ile sehemu ikiwa tambarare, akapita na watoto wake, na siku moja wajukuu wa wajukuu zake wakaona ardhi inafunguka na kilima kinaota. Tulimjibu mtoto vibaya siku ya kwanza na nilimwambia hivyo pale pale, nikamwambia mimi na baba yake tulikosea, watu walikuwepo kabla ya kilima.

Alinyamaza. Pangoni huingii hivi hivi, unaingia na ziara ya mwongozo kwa kuomba, sisi hatukuwa tumepanga, kwa hiyo tulibaki pale ndani ya lile duara. Jua lilikuwa linashuka, kuta zimekuwa nyekundu, mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye matundu ya mwamba. Akaokota gome la sejibrashi lililokuwa limejichana lenyewe chini ya kichaka, nyuzi nyuzi, akakaa chini kwenye vumbi akaanza kulisokota kwenye paja lake. Lilikatika. Akachukua lingine, akalitemea mate kidogo lilainike, likashika. Akapata kamba fupi kama urefu wa kidole, akaizungusha kwenye dole gumba la mguu wake akaiangalia. Kaka akasema tuondoke giza linaingia na barabara ina swala. Yeye akasema, baba, subiri kidogo, nimejua zinavyoanza.